Meza Iliyochoka Kumngoja Mzee

Usiku wa jana niliota, maana nililala na hasira, kwamba niko kwenye darasa la wazee wa kanisa. Sikuwa nimeitwa. Nilikuwa nimefuata kadi ya mama yangu.

Mama hajatoka kitandani tangu Januari. Kwetu, kabla ya kila Ushirika Mtakatifu, mzee wa mtaa hupita nyumba kwa nyumba akigawa kadi za Meza ya Bwana, na asiyeweza kutembea huletewa mkate na kikombe cha zabibu nyumbani. Ushirika umepita mara tatu. Mzee wetu, Mutembei, hajafika hata mlangoni.

Mwalimu wa darasa ni Meza ya Bwana yenyewe, imejifunga kitambaa cheupe.

"Mzee hubeba mtaa wake," inasoma. "Bebeni."

Wazee wanainama, kila mmoja anajitwika mtaa wake pamoja na ng'ombe na vyoo. Mutembei anabeba wetu kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika simu. Nyumba yetu inateleza, inaanguka. Dirishani namwona mama, bado kitandani.

"Mzee, umemwangusha mama."

"Mama Gakii," ananijibu, "jambo hilo litaletwa kwenye kikao."

"Kikao ni lini?"

"Kimefika."

Kweli kimefika. Viti kumi na viwili vinaingia, vinawakalia wazee mapajani na kufungua kwa maombi. Kiti kimoja kinapendekeza jambo liahirishwe. Cha pili kinaunga mkono.

"Mna adabu nyinyi?" naviuliza. "Mtu ana njaa ya Ushirika miezi minane, mnaunga mkono."

"Mama huyu anavuruga utaratibu," kinasema cha tatu. "Iandikwe."

"Andikeni pia kwamba kukiwa na pilau kwetu, njia Mutembei huijua."

Mutembei anakohoa. "Kule kuna mlima."

Meza inamtazama. Kisha inapandisha kitambaa mpaka magotini. "Nani anajua njia?"

"Mimi."

"Umewekewa mikono ya uzee?"

"Sijawekewa. Nina diploma ya ugavi."

"Twende."

Tunatoka mlango wa kanisa na papo hapo tuko katikati ya mashamba ya chai, Meza mbele, kikombe juu yake, haimwagi hata tone. Mimi nasukuma nyuma, nikimtaja Mutembei kila hatua. Mlango wetu ni mwembamba. Inaingia kwa ubavu.

Niliamka saa kumi na mbili, bado nimekasirika, nikampelekea mama uji. Mdomo wake wa juu ulikuwa na mstari wa zambarau. Nyumbani kwetu hakuna anayenunua zabibu.

"Weka hapo kwanza," alisema. "Siwezi kuchanganya na uji."