Kituo Kisichoitwa

Kwa miaka miwili Arlys Tollefson aliongoza kazi ya kuiwezesha kompyuta kubwa ya kampuni yao, pale mjini St. Paul, kuzungumza na miji ya mbali kwa waya wa simu. Na kwa miaka hiyo miwili, kila Jumatatu, mkuu wake Merle Quist aliizunguka meza ya mkutano akimwuliza kila mhandisi, "Una la kusema?" Akifika kwa Arlys, humruka.

Arlys aliyameza hayo. Lakini Merle alipofuta jina lake kwenye karatasi za mradi na kuandika la kwake, hakuyameza tena.

"Usinune, dada," Merle alisema, akivaa koti la kwenda mji wa Duluth kuwaonyesha watu wa benki mradi huo. "Baki na mashine. Wageni wanataka kumwona mwanamume anayejua kazi."

"Nenda salama, bosi. Barabara ina barafu."

Kompyuta ile haikuruhusu vituo vya miji ya mbali viropoke ovyo. Iliviita kimoja kimoja kwa orodha ya kadi zilizotobolewa, kama mwalimu aitavyo majina darasani. Kisichoitwa, hata kikipiga makelele hakisikiki. Orodha ilikuwa kazi ya Arlys, na Merle hakuwahi kuisoma.

Asubuhi ya maonyesho Arlys alichomoa kadi ya Duluth, akaitia mfukoni, akazipakia zilizobaki kwenye kompyuta. Kisha akajimiminia kahawa.

Saa nne simu ikalia.

"Arlys! Nachapa, haijibu! Wageni wananikodolea macho!"

"Gonga kwa nguvu, bosi. Si wewe ndiye unayejua kazi?"

"Acha utani! Mkurugenzi yuko hapa!"

"Vizuri. Mpe simu."

Sauti nzito ya mkurugenzi wa kampuni, mzee Haakenson, ikaingia. "Kuna nini, mama?"

"Kituo chenu hakimo kwenye orodha ya kuitwa. Mwenye mradi angelijua hilo. Hebu mwulize Merle inarekebishwaje."

Akalisikia swali likiulizwa. Akamsikia Merle akikohoa.

"Hajui," mkurugenzi alisema. "Wewe je?"

"Kadi ninayo mfukoni. Kwanza waambie wageni mradi ni wa nani."

"Unanikaba koo, mama."

"Merle amenikaba miaka miwili."

Mzee akavuta pumzi, akawaambia. Arlys alisikia kila neno, jina lake kamili likiwemo. Ndipo akairudisha kadi kwenye orodha.

Huko Duluth mashine ya kuchapa ikaanza kugonga yenyewe, na mkurugenzi akasoma kwa sauti: "DULUTH, UNA LA KUSEMA?"

"Nani amekaa kwenye vibonye?" Arlys aliuliza.

"Merle."

"Basi mngojeeni ajibu," akasema, akanywa kahawa yake taratibu.