Saruji ya Hasira

Dada yake mwashi alivunjika nyonga, na sasa mwanawe alikuwa amekuja na gari kumhamishia mbali.

“Mama hawezi kukaa peke yake,” mpwa alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe.

“Peke yake vipi? Mimi si nipo hapa?”

“Hapa wapi, mjomba? Nyuma ya ukuta?”

 Ukuta ule mwashi aliujenga mwenyewe, yeye na dada yake walipogombania kiwanja cha baba yao, akaapa mbele ya majirani kwamba hautabomolewa maadamu ana meno mdomoni. Aliingia ndani, akatoka na nyundo kubwa.

Majirani hawakuitwa, walikuja. Fundi cherehani alipanda juu ya pipa asipitwe na kitu.

“Na kiapo je, mzee?”

“Meno yamebaki mawili, na yote mabovu. Shuka hapo, usinitie nuksi!”

Akapiga. Nyundo ikadunda kama mpira. Enzi zile alikoroga saruji kwa hasira, mara mbili ya kipimo, na sasa hasira ya ujana wake ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Akapiga tena. Mpini ukavunjika, nyundo ikamwangukia kidoleni. Watu wakaangua kicheko.

“Mdogo wangu,” dada alisema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, “acha kujitia ubingwa. Tazama nyuma ya banda la kuku.”

“Kuna nini?”

“Tazama, nimesema!”

Banda hilo marehemu mkewe alikuwa hataki liguswe. Mwashi alilivuta, likasambaratika, kuku wakatimka. Nyuma yake jiwe moja lilikuwa linacheza. Akalichomoa. Tundu la kupitisha bakuli, kingo zimelainika kwa mikono.

“Mimi na mkeo, miaka yote,” dada akasema. “Ule mchuzi uliokuwa unausifia, unadhani nani alipika?”

Mwashi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachomeka mtaimbo tunduni. Fundi cherehani akaruka kutoka pipani kuja kusukuma, mpwa akavuta kwa upande wake. Ukuta ukaguna, ukaachia, ukafunguka upana wa mlango. Vigelegele! Wakambeba dada na kiti chake juu ya kifusi hadi barazani kwa mdogo wake, na gari likaondoka bila abiria.

Hasara: mpini wa nyundo, ukucha wa kidole gumba, banda la kuku, na kiapo cha mtu mzima.