Mkeka wa Mtaa wa Afadhali

Ipo miji iliyojengwa kwa mawe, na ipo iliyojengwa kwa udongo. Mji wa Sitirani ulijengwa kwa haya. Watu wake walizaliwa kwa haya, wakaoana kwa haya, wakafa njaa kwa haya, na aliyekufa njaa alisifiwa msibani kwamba jirani hakupata kusikia tumbo lake likinguruma. Mtoto wa Sitirani alifundishwa kujipaka mafuta midomoni kabla ya kutoka nje, hata siku ambayo chunguni hamkuingia kitu, na mke mwema alikuwa yule ambaye moshi wa jiko lake ulionekana kila adhuhuri, hata kama alichemsha maji matupu. Sipendi kuwasema watu walionipokea vizuri nilipopita kwao, lakini ujinga uliovaa kanzu safi ni ujinga vilevile.

Pembezoni mwa mji huo palikuwa na mtaa wa nyumba za umma, zilizojengwa na Baraza la Mji kwa ajili ya mafukara, wajane, vilema na wachukuzi. Mtaa uliitwa Afadhali, kwa kuwa kila aliyekabidhiwa ufunguo huko aliambiwa, "Afadhali hapa kuliko mvuani." Maneno hayo yalikuwa kweli kwa miaka michache ya mwanzo. Baadaye mvua nayo ilihamia Afadhali, ikakaa na wapangaji bila kulipa kodi.

Kila mwaka, kabla ya Baraza kupitisha makadirio yake, yaani fungu gani litengwe kwa kutengeneza nyumba za Afadhali na kodi yake iwe kiasi gani, wazee wa Baraza walifanya Ziara ya Hisani. Sheria ya ziara ilikuwa fupi: kodi ifuate hali ya mpangaji, na hali ya mpangaji ionwe kwa macho. Katika mji mwingine sheria hiyo ingeleta haki na insafu. Lakini Sitirani mgeni hukaribishwa sebuleni, na kuchungulia nyuma ya pazia la mwenyeji ni utovu wa adabu ambao hata wezi wa huko waliuchukia. Basi wazee waliingia sebuleni, wakaketi mkekani, wakanywa kahawa, wakamega halua, wakanusa udi, kisha mkubwa wao akauliza kwa upole, "Nyumba ina haja?" Na mwenyeji, kwa mila ya mababu, akajibu, "Alhamdulillahi, haina haja." Baada ya hapo wakaagana kwa dua ndefu, wakaenda nyumba ya pili.

Na ile dua ilikuwa ndefu kwa bahati njema, maana mtaa mzima wa Afadhali ulikuwa na mkeka mmoja wa kukalisha mgeni.

Naam, mmoja! Ulikuwa mkeka mpana wa ukindu, mwekundu na kijani, uliosukwa na mikono ya bibi fulani ambaye alikwisha kufa zamani. Wageni walipokuwa wakiombewa dua mlango wa mbele, wanawake waliukunja, wakautoa mlango wa uani, wakakimbia nao vichochoroni pamoja na dele la kahawa, sahani ya halua na chetezo cha udi, hata wageni walipofika nyumba ya pili wakakuta kila kitu kimetandikwa na mwenyeji amesimama anatabasamu, jasho linamtiririka mgongoni. Mwaka mmoja kwenye mbio hizo kaa la chetezo lilianguka, likaunguza pembe moja ya mkeka na kuacha tundu jeusi. Wanawake walilia siku hiyo utadhani wamefiwa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Afadhali mgeni alikuja, na mwenyeji akazidi kuugua. Kwani Bwana Bahili bin Karimu, Mweka Hazina wa Baraza, mtu aliyerithi jina la baba yake bila kurithi tabia yake, alirudi kila ziara na ushahidi uleule: "Enyi wazee, watu hawa wanaketi mikekani, wanakula halua na kufukiza udi. Nyumba zao hazina haja, wamesema wenyewe. Kwa nini tuwanyime wengine?" Basi kodi ya Afadhali ikapanda, na fungu la matengenezo likapungua, na kilichopunguzwa kikatumika kujenga Lango la Rehema, lango refu la mawe ya kuchonga pale mbele ya Baraza, ambalo halikuwa na ukuta kulia wala kushoto.

Katika nyumba ya mwisho ya mtaa aliishi Bi. Staha na mumewe, Mzee Sabiri. Mzee Sabiri alikuwa mchukuzi wa sokoni mpaka kiharusi kilipompiga, kikamlaza kitandani upande mmoja, macho yakitazama ukuta. Kwenye ukuta huo palikuwa na ufa. Bi. Staha aliufunika kwa pazia la kaniki lililogawa chumba na sebule, akadhani uliofunikwa umetulia.

"Mke wangu," mumewe alimwambia ziara ya mwaka ule ilipokaribia, kwa ulimi wake mzito, "ufa huu na mimi tunatazamana kutwa. Zamani kidole kilikuwa hakiingii. Jana amepita panya."

"Nitakwenda Barazani nikawaambie, bwana."

"Barazani watakwambia usubiri ziara. Ziara hiyo inakuja. Mwaka huu fungua pazia, wauone ufa, na mimi wanione. Kama ni aibu, ni yangu, nami nimekusamehe."

Bi. Staha akaapa kwamba atafungua. Masikini, aliapa kwa moyo wake wote, na alimpenda mume yule kuliko roho yake. Lakini habari hazikai Afadhali. Kabla ya magharibi, Bi. Fahari, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa ameshafika, kanga begani, mikono kiunoni.

"Shoga yangu, nasikia unataka kutuvua nguo?"

"Nataka ukuta wangu utengenezwe, Fahari. Mume wangu analala chini yake."

"Nani asiyelala chini ya ukuta? Wakiona ufa wako watataka kuona na wangu. Watajua mkeka ni mmoja. Watasema mtaa mzima ni waongo na ombaomba! Mabinti zetu nani atawaoa? Stahimili, shoga. Tumestahimili wote."

Siku ya ziara wazee waliketi mkekani kwa Bi. Staha, mguu wa Bwana Bahili karibu na lile tundu jeusi, wakanywa kahawa na kuisifu. Nyuma ya pazia Mzee Sabiri akakohoa. Alikohoa kwa makusudi, kikohozi kirefu cha mtu anayebisha hodi. Bwana Bahili akainua kikombe juu kidogo, akasema kahawa ya Afadhali haina mfano. Mzee Sabiri akakohoa tena. Wazee wote wakaanza kuzungumza kwa pamoja juu ya ubora wa tangawizi.

"Nyumba ina haja?" akauliza Bwana Bahili.

Bi. Staha alisimama mkono wake ukiwa kwenye pazia. Nimeambiwa na waliokuwapo kwamba kitambaa kilitikisika. Mlangoni wanawake wa mtaa walikuwa wamesimama, wanamtazama, na mbele yao Bi. Fahari machozi yakimlengalenga. Mdomo wa Bi. Staha ukafunguka, na neno lililotoka si lake. Lilikuwa la mama yake na bibi yake.

"Alhamdulillahi, haina haja."

Mzee Sabiri hakumlaumu. Walipokwisha kuondoka alimuuliza tu, "Umenibakishia halua?" Wala halua haikuwapo. Iliyobaki ilikwisha kurudi kwa mwenye duka aliyeiazimisha.

Masika ikaingia. Alasiri moja, Bi. Staha akiwa uani anakinga maji ya mvua, ukuta uliangukia ndani. Haukupiga kelele kubwa. Majirani walidhani ni radi ya mbali. Walipomfukua Mzee Sabiri walimkuta macho yako wazi, bado yanatazama palepale.

Zamu ya kuutunza mkeka ilikuwa ya Bi. Staha, nao ulisalimika kwa kuwa ulikunjwa kando ya mlango. Nyumbani hapakuwa na mkeka mwingine wa kumlazia maiti. Akasema, "Wageni wameukalia miaka yote. Leo mwenyeji." Wakamchukua Mzee Sabiri juu yake mpaka makaburini, na hakuna mwanamke wa Afadhali aliyethubutu kusema urudi. Ukazikwa naye.

Msidhani Baraza lilikaa kimya kwa msiba huo. La! Bwana Bahili alimshitaki mjane kabla eda haijaisha. Alidai kwamba Bi. Staha alilidanganya Baraza alipoulizwa haja ya nyumba, kwamba kwa uongo wake ukuta wa umma umeanguka, na kwamba aujenge kwa fedha yake au aondoke Afadhali. Ndivyo aibu ilivyolipwa huko. Kesi ikafika mbele ya Kadhi Insafu, mzee mwenye sikio moja zima na subira kidogo, aliyekuwa hajapata kwenda ziara hata mara moja kwa sababu, kama alivyosema, tumbo lake halikuzoea halua ya kukaribishwa.

"Bi. Staha," akasema Kadhi, "uliulizwa kama nyumba ina haja?"

"Niliulizwa, Sheikh."

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu haina. Nilisema uongo, na uongo wangu umemuua mume wangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nihukumu utakavyo. Lakini kabla hujanihukumu nina maswali kwa Bwana Bahili."

Watu wote mahakamani wakaguna. Kadhi akaruhusu.

"Bwana," akauliza Bi. Staha, "kwangu mliketi juu ya nini?"

"Juu ya mkeka, tena mzuri. Ndio ushahidi wangu kwamba hukuwa na dhiki."

"Rangi gani?"

"Nyekundu na kijani."

"Na kwa Bi. Fahari?"

"Mkeka pia. Mwekundu na..."

"Pembeni ulikuwa na nini?"

Mweka Hazina akatazama dari.

"Jibu," akasema Kadhi.

"Ulikuwa na tundu la moto, Sheikh."

"Na nyumba ya tatu? Na ya nne?"

"Tundu la moto."

Kadhi Insafu akavua miwani yake. "Kwa hiyo ulijua."

"Sheikh, mgeni mstaarabu hahesabu mikeka ya mwenyeji wake."

"Mikeka hukuhesabu, ila kodi ulihesabu!"

"Na kikohozi, bwana," Bi. Staha akamalizia. "Mlikisikia kikohozi cha mume wangu?"

Mzee mmoja wa Baraza aliinamisha uso akaanza kulia kimyakimya, na wenzake, kwa adabu ya Sitirani, wakajifanya hawamwoni.

"Mkeka huo uletwe mahakamani," akaamuru Kadhi.

"Hauwezi kuletwa, Sheikh. Uko kaburini."

"Ni mkeka wa nyumba ipi?"

"Wa nyumba zote."

Kadhi akasimama. "Wazee wetu walituambia nyumba njema si mlango, na sisi tumefanya kazi ya kuhesabu milango. Twendeni Afadhali, saa hii hii."

Wakaenda kwa miguu, matope mpaka vifundoni. Na hapa, wasomaji wangu, nataka mjue jinsi maradhi haya yanavyokaa mwilini: habari ilikwisha kuwatangulia. Walipofika kwa Bi. Fahari walikuta udi unafuka, kahawa iko tayari, na sebuleni umetandikwa mkeka mpya, ulioazimwa mtaa wa pili. Bi. Fahari alikuwa mlangoni anatabasamu, jasho linamtiririka. Wazee wa Baraza, Mungu awasamehe, wakaanza kuvua viatu ili waketi!

Kadhi Insafu hakuketi mkekani. Aliusogeza kwa fimbo, akakaa sakafuni penye unyevu, kanzu yake nyeupe ikaloa. "Bi. Fahari," akasema, "nyumba ina haja?"

"Alhamdu..." akaanza Bi. Fahari.

"Shoga," Bi. Staha akamkatiza. Hakumwita kwa hasira. "Wangu alikuwa nyuma ya pazia. Wako ni nani?"

Bi. Fahari akalishika pazia kwa mikono miwili akaling'oa na misumari yake. Nyuma, juu ya kitanda cha kamba, alilala mama yake mzazi, ajuza kipofu, na juu yake boriti ya dari imepinda, imeegemezwa kwa mchi wa kutwangia. Ajuza alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Aliposikia pazia limeanguka akageuza uso, akauliza kwa kunong'ona:

"Fahari, mwanangu, wageni wamekwenda? Nikohoe sasa?"

Bi. Staha akapita katikati ya wazee, akaketi kando ya kitanda na kumshika mkono.

"Kohoa, mama. Kohoa wakusikie."

Ajuza akakohoa kwa muda mrefu, na mara hiyo hakuna aliyezungumzia tangawizi. Kadhi Insafu alitoa hukumu yake palepale sakafuni: Bi. Staha hadaiwi, kodi ya Afadhali irudi chini, mawe ya Lango la Rehema yabomolewe yakajenge kuta za watu, na kuanzia mwaka ule, Baraza likija kupanga makadirio, lianzie uani na kumalizia sebuleni. Bwana Bahili aliamriwa kushika ile boriti kwa mikono yake mpaka fundi afike. Bi. Staha aliishukuru hukumu kwa adabu, kisha akaondoka peke yake kwenda makaburini, kumsimulia mtu aliyestahili kuisikia kabla ya masika.