Giza Letu, Mbalamwezi Yenu

Winfrida aliruka kutoka kwenye bodaboda kabla haijasimama sawasawa, maana tangu kule barabarani alikwisha kuona kinachong'aa. Uwanja wake wa tenisi pale ufukweni Ujiji, kutoka mstari wa nyuma wa upande huu hadi wa upande ule, ulikuwa umejaa dagaa.

"Leo," alisema peke yake. "Leo hii hii."

Kesho yake saa tatu asubuhi angefika Thobias, kocha wa akademia moja ya tenisi huko Arusha, kumtazama Devota akicheza. Nafasi ilikuwa moja tu, ya msichana mmoja, kusoma na kucheza huko kwa miaka minne. Devota alikuwa na miaka kumi na minne na mkono wa kushoto ambao Winfrida, aliyecheza tenisi ya kulipwa miaka kumi na miwili, hakuwahi kuuona kwa mtoto. Ilikuwa imebaki jioni moja ya mazoezi, na jioni yenyewe ndiyo hiyo imeanikiwa dagaa.

Winfrida ana hasira, na hilo si siri kwa mtu. Hasira ndizo zilizomshindia mechi Kairo na Harare wakati bega lilikwisha kukataa, na hasira hizo hizo ndizo zilizommaliza. Huko Tunisi alirusha raketi ikampasua mwamuzi wa mstari mdomo, akafungiwa mwaka mzima. Alipofunguliwa, bega lilikuwa limekufa na umri umekwenda. Akarudi Kigoma kufundisha. Wazazi wa mtaa wa Gungu wakimpeleka mtoto kwake humwambia kabisa: utafundishwa vizuri, lakini utasemwa.

Na uwanja ule, tuseme kweli, haukuwa wake. Ni sakafu ya saruji iliyoachwa na kampuni ya ujenzi iliyohama zamani, na wanawake wa pale walikuwa wakianika juu yake yeye akiwa bado anapanda ndege. Mwaka aliorudi waligombana mpaka mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Aliyemaliza ugomvi ni Bibiana, mkubwa wa waanikaji na mama yake Devota. "Giza letu, mbalamwezi yenu," alisema, na kila mtu akaelewa. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi hulala nchi kavu na saruji haina kazi, basi watoto wacheze. Ukija msimu wa giza, dagaa hujaa, na watoto wapige mipira yao kwenye ukuta wa ghala. Miaka sita hakuna aliyevunja mapatano hayo.

"Mama Devota, nani kawaruhusu?"

Bibiana alikuwa akigeuza dagaa kwa fagio, taratibu. "Karibu, kocha. Turuhusiwe na nani?"

"Si mnajua kesho kuna mgeni? Mgeni wa mwanao, si wangu."

"Tunajua. Kesho hatuaniki, tumekwisha kukubaliana. Hawa wakikauka jioni hii tunawazoa, tunasugua kwa sabuni. Mvua ya usiku imelowesha mchanga wote, pakavu ni hapa tu."

Mtu mwingine angesema ahsante akaenda zake kunywa chai. Winfrida hakusikia neno kesho. Alisikia kwamba leo amekosa.

"Mtoto hajakanyaga uwanja huu siku tano! Anataka kwenda kucheza na watu, nyie mnamwekea samaki!"

"Leo kuna giza, kocha."

"Giza liko vichwani mwenu. Mnataka awe kama nyie, anuke dagaa mpaka siku anazikwa."

Wanawake wengine wawili waliacha walichokuwa wakifanya. Devota alikuwa nyuma yao na beseni mikononi, na alilisikia kila neno. Winfrida alimwona, na hata hivyo hakunyamaza. Alimpokonya Bibiana fagio, akaanza kufagia.

Alifagia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kutoka katikati kwenda pembeni, na dagaa waliokuwa nusu wakavu wakamiminika kwenye tope. Hakuna aliyemshika. Huenda angeshikwa angeacha. Alifagia mpaka bega likawaka moto na nusu ya uwanja ikawa nyeupe, na kazi ya wanawake watatu tangu alfajiri ikawa kitu ambacho hata bata asingekula.

"Umemaliza?" aliuliza Bibiana.

Winfrida aliangusha fagio.

"Basi niambie. Siku ya mgeni ilichaguliwa na nani?"

Thobias alikuwa amempigia Winfrida simu na kumpa tarehe mbili, ya kumi na mbili na ya ishirini na sita, achague mwenyewe. Ishirini na sita mwezi ungekuwa mpevu, uwanja mtupu, mtoto amefanya mazoezi wiki nzima. Yeye, kwa pupa, alijibu kumi na mbili kabla mwenzake hajamaliza kusema.

"Umezaliwa Ujiji hii hii," Bibiana alisema, "ukasahau kutazama juu."

Hapo palikuwa na nafasi ya kuomba radhi, pana kabisa. Winfrida aliitazama ikipita. "Devota, chukua raketi," alisema. Devota aliweka beseni chini, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja pamoja na mama yake.

Asubuhi Winfrida alikuta uwanja mzima umesuguliwa, mistari inaonekana kuliko siku zote, hewa inanuka sabuni. Wanawake walikuwa wameketi kwenye ukuta wa ghala. Alimsogelea Bibiana.

"Atakuja?"

"Nimemwambia aje. Si kwa ajili yako."

Devota alikuja. Alimwamkia Thobias, akawaamkia kina mama wote, akampita kocha wake kama nguzo ya wavu. Thobias alicheza naye mwenyewe, na baada ya robo saa alivua koti la michezo. Msichana alipiga kwa hasira ambazo Winfrida alizijua, maana zilikuwa zake, isipokuwa huyu hakupayuka wala hakurusha kitu. Kila mpira ulitua pale alipoupeleka.

Thobias alijifuta jasho, akaketi na fomu yake. "Nafasi ni yako, binti," alisema. Kina mama walipiga vigelegele. Aliandika jina, mtaa wa wazazi, shule, kisha akamgeukia Winfrida akitabasamu, akarudi kwa Devota kwa kufuata utaratibu. "Jina la kocha?"

Devota aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na magamba kwenye kucha.

"Sina."

"Huna? Na huo mkono kakufundisha nani?"

"Alikuwepo kocha," Devota alisema. "Tulikuwa naye mpaka jana."

Hasira zilimpanda Winfrida kama kawaida yake, zikatafuta mtu wa kumwangukia. Zilimtazama mtoto, zikamtazama Bibiana, zikamtazama Thobias na kalamu yake. Hakumpata mtu.

"Andika hivyo hivyo," alisema. "Hana kocha."

Thobias akaandika.