Hodi Kifuani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala juu ya kitanda cha kipimo cha moyo, kifua wazi, na mwanangu Siwema, wa miaka minne, amesimama mlangoni kavaa koti la daktari linaloburutika sakafuni.

Mambo kinyume. Wa kupimwa ni yeye. Huenda moyo wake una tundu, huenda hauna. Hakuna ajuaye, maana kila tukienda nawasaidia wauguzi kumshika, naye anapiga mateke na mayowe mpaka picha inavurugika. Leo asubuhi tunarudi. Ikishindikana tena watamlaza kwa dawa ya usingizi, nami dawa hiyo naiogopa, sifichi.

"Mshikeni," Siwema anasema.

Wauguzi wananishika. Wana mikono yangu. Naijua kwa pete na kovu la sufuria. Mikono yangu ina nguvu, loo! Sikuwahi kujua.

Mashine inanisogelea, inakohoa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Kuingia."

"Bila hodi?"

"Sikufundishwa," inajibu, na kioo chake kinainama kwa haya.

Ndipo anapoingia Daktari Bumunda, yule mchekeshaji wa wodi ya watoto, mwenye pua nyekundu na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Ananigonga kifuani kwa kidole.

"Hodi!"

"Karibu," inaitikia saa ya ukutani.

"Karibu, karibu," wanaitikia wauguzi. Hata kigoda kinaitikia.

"Sikuwauliza nyinyi," anasema Bumunda. "Kifua hiki cha nani?"

Chumba sasa ni jiko la marehemu mama yangu kule Muheza, na kuku wamepanga foleni mlangoni wakingoja kukaribishwa, kama alivyowazoesha.

"Na nikikataa?" namuuliza.

"Nitakwenda zangu, nirudi baadaye. Ila wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nafikiri. Haki ya Mungu, hakuna anayenihimiza. Mikono inaniachia yenyewe.

"Karibu," nasema.

Kifua kinafunguka taratibu. Siwema anavua viatu, anaingia, anatazama huku na huku.

"Pana tundu?" nauliza.

"Tulia, mama. Ndio naangalia."

Natulia. Na kuku wanatulia.

Nikaamka. Kifua changu kilikuwa kimelowa ute wa baridi, ule wanaopaka hospitali kabla ya kipimo. Nikaufuta kwa kanga. Siwema alikuwa macho, ananitazama.

Kila siku ya hospitali huwa namnyanyua tu na kumvika gauni. Leo nikamgonga kifuani kwa kidole.

"Hodi."

Akafikiri muda mrefu. Nikangoja.

"Karibu," akasema. "Lakini kwanza wale wauguzi wakurudishie mikono yako."