Betri za Mzee Wabuge

Moshi ulitokea kwenye kochi Jumapili moja, watu wametoka kanisani na chai bado haijapoa. Mzee Wabuge alikuwa amechomeka betri ya kigari chake cha rimoti kwenye chaja, akailaza juu ya mto wa kochi, kisha akaketi kando yake kusimulia mahubiri. Edinah, mkewe, ndiye aliyesikia harufu kwanza. Aling'oa waya ukutani, akachukua sepetu ya makaa, akaizoa betri pamoja na mto wenyewe na kutoka nayo mbio hadi kwenye shamba la sukuma wiki. Huko ikavimba, ikafuka moshi mweupe, ikatema moto kwa dakika kadhaa. Miche minane iliungua.

Edinah alirudi ndani akipangusa mikono kwenye leso.

"Chagua, Baba Nabalayo," alisema. "Hicho kigari au hii nyumba."

Mzee Wabuge alianza kukunja waya wa chaja polepole, kama mtu anayekunja nguo za safari. Nabalayo, binti yao, aliyekuwa amekuja kula nao chakula cha mchana kama kila Jumapili, alimtazama babake akikunja waya ule, na moyo ukamuuma.

Maana alijua kigari kile kilivyomfaa. Mzee alikuwa ameendesha lori miaka thelathini na mmoja, Mombasa hadi Malaba na kuvuka kuingia Uganda, mpaka goti lilipokataa kukanyaga klachi. Akaketi nyumbani Kiplombe miaka miwili akiangalia barabara. Hakuugua, hakulalamika, lakini alinyamaza. Siku moja akaenda Kesses kumwona rafiki, akarudi na gari la mashindano alilouziwa na mwanafunzi aliyekuwa anamaliza chuo: gari la kuongozwa kwa rimoti, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, lenye magurudumu ya kuchimba vumbi. Tangu siku hiyo Mzee alianza kuamka mapema. Kila Jumamosi alikwenda kushindana na wenzake kwenye uwanja nyuma ya kanisa, na akirudi alikuwa na habari za kusimulia. Nabalayo mwenyewe alikuwa akiona haya wenzake wa zahanati alikofanya kazi walipomuuliza kama ni kweli babake anacheza na vigari. Jumapili ile, mbele ya waya ule unaokunjwa, haya ile ilimtoka.

"Mama," alisema, "betri zilizobaki ni ngapi? Tatu? Nitakaa nazo mimi. Hakuna hata moja itakayoingia tena katika nyumba hii."

Edinah alifikiri, akaitikia kwa kichwa.

Kazi ya Nabalayo katika zahanati ilikuwa kutunza friji ya chanjo. Asubuhi na jioni alisoma joto na kuliandika, na hakuna daktari wala nesi aliyethubutu kufungua mlango ule bila sababu. Alizitazama betri za babake kwa jicho lilelile. Kesho yake alimtafuta Marion Akello, fundi wa maabara ya chuo kule Chepkoilel ambaye ndiye aliyeandaa mashindano ya Jumamosi, akamwomba amfundishe.

Akello alimweleza kila kitu wakiwa wamesimama mlangoni mwa maabara. Babake, ilionekana, alikuwa amevunja sheria zote. Alikuwa akiendesha gari mpaka betri ikate roho kabisa, kwa sababu dereva wa lori hujaza tanki likiwa tupu. Kisha aliichaji palepale ikiwa bado moto, kwa chaja isiyopima seli zake, vile vipande vya ndani vinavyoshika umeme, hivi kwamba seli moja ilishiba kupita kiasi na mwenzake akabaki na njaa. Betri hii si tanki, Akello alisema. Ukiikausha, inakufa. Ukiiharakisha, inavimba. Na iliyovimba haichajiwi tena hata kama unaipenda vipi.

Basi Nabalayo alinunua chaja inayosawazisha seli na sanduku la bati. Kila betri aliipa namba. Alizichajia nje, verandani kwake, juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na kochi, na hakuondoka mpaka taa ya kijani ya chaja iwake kuonyesha imejaa. Alikaa pale akichambua maharagwe.

Mzee Wabuge alikuja siku ya kwanza kukagua. Alinung'unika kwamba amevuta tani thelathini kupanda Timboroa bila mtoto wake kumpimia mafuta. Lakini alivuta kiti. Siku iliyofuata alikuja tena, na akachukua nusu ya maharagwe. Betri moja ilitaka saa nzima, na katika saa hiyo Mzee alisimulia. Alisimulia usiku aliokwama kwenye tope karibu na mpaka akalishwa na watu asiowajua, na jinsi alivyokuwa akinunua ndizi Mbale, akizihesabia watoto wake kichwani, na kuzikuta zimeoza kabla hajafika nyumbani. Nabalayo alikuwa na miaka arobaini na mitatu na hakuwa amewahi kuzisikia habari hizo. Utotoni mwake babake alikuwa viatu mlangoni, siku mbili kwa mwezi. Sasa wakati mwingine taa ya kijani iliwaka na wote wawili hawakuinuka.

Fainali za msimu ziliangukia Jumamosi ya Agosti, na ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja. Betri za aina hii hulegea kwa baridi. Nabalayo alizifunga zake kwenye shali, akazilaza kikapuni karibu na chupa ya maji ya vuguvugu, kama mtu anayebeba vifaranga. Edinah alikuja nao kwa mara ya kwanza. Alisema amekuja kuleta chai na mahindi ya kuchemsha tu. Lakini watu wa kusimama kwenye kona na kuinua magari yaliyopinduka hawakutosha, na Akello, ambaye hakuwa na aibu na mtu, alimvisha Edinah aproni ya manjano na kumpeleka kwenye kona ya mwisho. Edinah alimkagua usoni kama anatania. Hakuwa anatania.

Madereva walisimama juu ya trela la trekta ili waone njia yote. Mzee Wabuge alishinda mzunguko mmoja na kuwa wa pili katika mwingine, akaingia fainali. Alishuka akichechemea, akamwendea binti yake na betri namba mbili mkononi, ile iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

"Ichaji upesi," alisema. "Kuna dakika ishirini."

Nabalayo aliishika. Ilikuwa moto kama paji la uso la mtoto mgonjwa.

"Hii haiingii kwenye chaja mpaka ipoe, Baba. Namba moja bado haijajaa. Chukua namba tatu."

"Mayi," alisema Mzee. Alimwita hivyo, yaani mama, kwa kuwa Nabalayo ndiye aliyepewa jina la mama yake Mzee. "Namba tatu imezeeka, ni betri ya kwenda kwa maombi. Si ya fainali. Ona Gathogo anachaji yake."

Ni kweli. Gathogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyeshinda misimu miwili mfululizo, alikuwa ameiweka betri yake ikiwa bado moto juu ya boneti ya pikapu, chaja ikiisukumia umeme kwa kasi yote.

"Ya Gathogo sikupewa mimi kuitunza," alisema Nabalayo. "Zako nimepewa."

Mzee alipokea namba tatu, iliyokuwa ya zamani kuliko zote na yenye vuguvugu la shali, akaifunga kwenye gari.

Fainali ilikuwa ya dakika nane. Kwa dakika sita Gathogo aliwaongoza wote, gari lake likiruka matuta kama panzi. Nabalayo alitamani asingekuwa mkaidi. Halafu, katika dakika ya saba, gari la Gathogo lilianza kupumua vibaya. Betri iliyochoshwa ilikuwa imeshuka, na gari likajipunguzia mwendo lenyewe ili lisiikaushe. Namba tatu iliendelea kwa nguvu ileile, bila haraka na bila kuchoka. Mzee Wabuge alimpita kwenye tuta la katikati, na watu wakapiga makofi.

Furaha ilimzidi. Aliingia kona ya mwisho kwa mwendo ambao hata kijana asingethubutu, gari likagonga bomba lililolazwa pembeni mwa njia, likajipindua na kubaki magurudumu juu.

Ilikuwa kona ya Edinah.

Alikimbia. Nabalayo hakuwa amemwona mamake akikimbia tangu ile siku ya moshi, na siku ile hakuwa akicheka kama sasa. Alilinyakua gari, akaligeuza kuelekea upande uliofaa, akaliweka chini taratibu. Gari la Gathogo lilikuwa limeshapita likijikokota.

"Haya, enda!" alisema Edinah, akilisukuma kidogo kwa kidole.

Likaenda. Mita mbili kabla ya mstari lilimpita Gathogo, na Akello, aliyesimama mwishoni kuamua mshindi, akaushusha mkono wake. Mzee Wabuge alishuka kwenye trela kwa hatua moja, akisahau kabisa kwamba ana goti.

Gathogo alikuja kumpa mkono, kisha akaomba kuigusa namba tatu. Alikuta ina joto la kawaida tu, kama kikombe kilichoachwa mezani. Alicheka, akamuuliza Nabalayo kama angekubali kumwonyesha Jumatano anavyofanya, na Nabalayo akamwambia aje na maharagwe yake.

Ilibaki namba moja, iliyotumika mzunguko wa kwanza, ikapoa, ikachajiwa taratibu na kujaa fainali ikiisha. Nabalayo alieleza kwamba haifai kukaa imejaa hivyo wiki nzima, kwani huzeeka upesi. Lazima mtu aendeshe gari mpaka ifike nusu.

"Nipe hiyo rimoti," alisema Edinah.

Alipanda trela akiwa bado na aproni. Gari lilikwenda kwanza kwenye ua, kisha kwenye mahindi ya kuchemsha, kisha likapata njia. Mzee Wabuge alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, akimwambia apunguze mwendo kwenye kona.

"Wewe ulipunguza?" Edinah alimuuliza bila kugeuka.

Nabalayo alikuwa chini na kipima volti mkononi. Kwa hesabu yake betri ilikuwa imeshafika nusu. Alimtazama mamake juu ya trela, akaona anacheka peke yake, akamwachia mzunguko mmoja zaidi.