Kibao cha Njia Panda

Siku kaka yangu Verlin alipotoka asirudi, aliacha lango wazi. Alikuwa anakwenda mjini kununua mkanda wa mashine ya kuvunia, na mtu anayerudi sasa hivi hafungi lango. Ng'ombe wakaingia kwenye maboga yangu. Nilikuwa nawafukuza kwa ufagio, nikimsema Verlin kwa sauti, gari la sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, lilipoingia polepole kupitia lango lile lile.

Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya wazazi wetu, huku Nebraska, Marekani. Hakuna aliyeoa, hakuna aliyeolewa.

Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yamerefuka tena, nilikaa mahakamani nyuma ya mwendesha mashtaka, Bi Renner, nikiwatazama watu kumi na wawili wa kaunti yetu waliochaguliwa kuwa baraza la kuamua kesi. Kijana Travis Dunmire alikuwa amepita njia panda iliyo karibu na kwetu na lori la kokoto bila kusimama, akaligonga gari la Verlin ubavuni, akamuua. Hakukana. Wakili wake alisema mahindi yalikificha kibao cha kuamuru magari yasimame, hakuna binadamu ambaye angekiona. Bi Renner alisema Travis alikuwa akitazama simu. Kesi yote ilining'inia hapo: kilionekana, au hakikuonekana. Na wote kumi na wawili walipaswa kuwa na neno moja.

Kila jioni, kabla hawajakwenda makwao, jaji aliwaonya: msizungumzie kesi na mtu, msisome habari zake, msiende kule njia panda. Mzee Emil Kucera, mmoja wa wale kumi na wawili, mkulima wa upande wa mto, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani. Siku nyingine angenisalimu dukani. Wiki ile tulipopishana mlangoni alitazama viatu vyake, maana sheria ilimtaka hivyo, nami sikumlaumu.

Hatimaye baraza likaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa. Tukabaki kwenye mabenchi ya ukumbini. Mama yake Travis alikaa upande wa pili, akikunja leso na kuikunjua. Jirani yangu Lorna aliniambia kwamba wakichelewa hivi ni mawili, ama wanabishana ama chakula cha bure kimenoga. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa kuwa yule mama alikuwa ananitazama.

Siku ya pili tukaitwa. Lakini baraza halikuingia. Aliingia Kucera peke yake, kofia mkononi. Wenzake walikuwa wamemweleza askari wa mahakama jambo alilowaambia mezani.

"Mzee Kucera," jaji alisema, "niliwaambia nini kila jioni?"

"Tusizungumze na mtu, mheshimiwa. Sikuzungumza na mtu. Nilisimamisha gari nikatazama tu." Akaizungusha kofia. "Kibao kinaonekana, mheshimiwa. Tena toka mbali."

Wakili wa Travis alikuwa ameshasimama.

Jaji hakupandisha sauti. Alisema kwamba aliyoyaona Kucera peke yake hayakuletwa mahakamani, hakuna aliyepata nafasi ya kuyahoji, na wenzake waliokwisha kuyasikia hawawezi kuambiwa wayasahau. Kesi imevunjika. Itaanza upya, mbele ya baraza jingine. Bi Renner aliinamisha kichwa. Nilipogeuka nilimwona mama yake Travis amefunika uso, na sikujua kama ni furaha.

Kucera alinisubiri kwenye ngazi za nje. Sasa aliruhusiwa kunisalimu.

"Ardis, dada yangu, wenzangu wawili walikuwa wanasitasita," alisema. "Na mimi tangu nizaliwe sijanunua ndama kwa kuambiwa. Unakwenda, unamshika miguu, ndipo unasema huyu mzima."

"Najua, Emil."

"Nilitaka Verlin apate haki yake."

Nilimwambia awahi nyumbani, mvua inakuja. Verlin naye angekwenda kutazama. Angesimamisha gari pale pale, akashuka, akaacha mlango wazi.

Kesi mpya itaanza mwezi Machi. Mahindi yameshavunwa, na nikisimama kwenye dirisha la jikoni nakiona kibao, chekundu, hata theluji ikianguka.